Picha ya Shavu la Kijani

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja pale Kikima, nilipomkuta mama mkwe amemshika mwanangu taya, kijiko cha shubiri, ile dawa chungu, kimekaribia midomo. Mtoto alikuwa mzima, mnono, amenyonya na kucheua kama kawaida. Iliyougua ilikuwa picha yake, iliyopigwa studio ya sokoni.

Kwenye hiyo picha, shavu la kushoto lilikuwa la mwanangu. La kulia lilikuwa kijani kama majani ya mbaazi, pamoja na nusu ya kofia niliyoifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Mama mkwe alisema ni nyongo, imepanda upande mmoja. Kwetu mama mkwe hajibiwi vibaya, kwa hivyo nilimpokonya kijiko kwa adabu zote, na hasira nikampelekea mwenyewe: mpiga picha.

Baba mtoto alikuwa Garissa, kwenye lori la kubeba ng'ombe. Hakuwa amemwona mtoto hata siku moja. Dereva mwenzake angepita Jumamosi kuchukua picha. Sasa nimtumie hiyo? Ajue amezaa nusu binadamu, nusu kinyonga?

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Nikiwa bado mbali niliona tyubu ya studio, ile taa ndefu nyeupe, inawaka, mchana kweupe, jua linakaanga mabati. Stima ilikuwa imefika sokoni juzijuzi, na mpiga picha ndiye aliyeivuta wa kwanza. Tyubu hakuizima kamwe, tusije tukasahau.

Nilimweleza polepole. Flashi yake anaishika upande mmoja, nayo hutoa mwanga mweupe kama wa mchana. Upande wa pili unamulikwa na tyubu, na filamu ya rangi huuona mwanga wa tyubu kuwa kijani, hata kama macho yetu hayaoni hivyo. Tulifunzwa hayo kwenye klabu ya picha sekondari. Azime tyubu, flashi ifanye kazi peke yake. Au kama roho inamuuma, afunike flashi kwa karatasi ya nailoni ya kijani, pande zote zifanane, kisha wanaosafisha picha Nairobi waiondoe rangi hiyo yote kwa mpigo mmoja.

Akacheka. Akasema kamera haina chuki na mtu, huchukua inachokiona. Labda nimpeleke mtoto hospitali.

"Zima taa, fundi," nikamwambia. "Picha moja tu, halafu uiwashe."

"Mama mtoto, nikizima hii, watu watasema nimekatiwa stima."

Ahaa. Kumbe mwanangu anyweshwe shubiri, na babake alie huko Garissa, bora heshima ya tyubu isiguswe.

Sikubishana tena. Nilivuka barabara hadi ofisi ya chifu, nikaomba karatasi, nikaandika kwa Kiswahili cha mtihani:

"Kwa heshima, nalalamika kwamba taa ya studio inambandika mtoto wangu ugonjwa asiokuwa nao. Naomba ofisi yako iamuru izimwe kwa muda wa picha moja, kabla ya Jumamosi. Vielelezo: picha moja, mtoto mmoja. Tafadhali linganisha."