Sungura wa Bibi Mikononi mwa Kaka Athumani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika boma la Mohoro nikidhani nimeitwa kufua nguo. Mke wa bwana shauri, yaani mtawala wa boma lile, Mjerumani ambaye sote tulimwita Bibi, alinipeleka barazani akanionyesha sungura mweupe mwenye manyoya marefu hata macho hayaonekani.

"Huyu ndiye kazi yako, Salum. Jina lake Pamba."

Sikucheka. Siku zile watu wa kwetu walilimishwa pamba kwa kiboko, na kaka yangu Athumani alikuwa mmoja wao.

Bibi alinifundisha kupuliza manyoya yagawanyike nione ngozi, kisha kuchana taratibu kwa kitana cha mbao, kufuata yalivyolala. Ngozi ya sungura ni nyembamba. Ukivuta kwa nguvu inachanika. Kumwogesha ni mwiko. Joto lilipozidi manyoya yalipukutika kwa mafungu, na hapo ndipo penye hatari, maana sungura hujilamba mchana kutwa, na akishameza hawezi kutapika. Tumbo likiziba hali tena, na asiyekula hana siku nyingi. Ndiyo maana Bibi alikagua kinyesi kila asubuhi. Kikitoka kimeungana kwa nywele kama tasbihi, aliniambia, "Ongeza majani, Salum. Ongeza kuchana."

Nilimpenda mnyama yule, sifichi.

Vita vilipokaribia, kaka alikuja kunichukua. Alikwisha kunywa maji ya dawa, yale yaliyosemwa kuwa yanazuia risasi za Wajerumani.

"Watu wanakwenda kufa, wewe unachana sungura?"

Nilimjibu kuwa mke wangu ni mjamzito na mkuki sishiki. Akaondoka na wanawe wawili kwenda vilimani, hata kuniaga hakuniaga.

Haukupita muda Bibi naye akasafirishwa kwenda Dar es Salaam. Aliniwekea Pamba mikononi akasema tu, "Mtunze." Nikamtia kwenye tenga, nikamchukua mke wangu, tukashuka kwa mtumbwi hadi kwa wakwe zangu Mbwera, kwenye visiwa vya mdomo wa mto.

Huko ndiko kaka alikotufuata baadaye, peke yake. Wanawe waliuawa vilimani. Alilala mkekani akiutazama ukuta. Chakula hagusi, neno hasemi.

Masika yalipoanza Pamba alipukutika kupita kiasi, kisha akaacha kula. Tumbo likawa gumu. Karibu nasi palikuwa na mikoko tu, ikabidi nivuke kwenda kutafuta ukoka, na mke wangu alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Nikamwekea kaka sungura mapajani.

"Mchane, Kaka. Usimnyanyue kwa masikio. Ukichoka, msugue tumbo polepole."

Nikaingia mtumbwini. Niliporudi nilimkuta mapaja yamekuwa meupe kwa manyoya, na bado anachana. Akaupokea ule ukoka, akamlisha jani moja moja. Kesho yake tulikuwa tunakoka moto tulipomsikia akipaza sauti.

"Salum! Salum, njoo! Amekunya!"

Mke wangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Kaka akamgeukia.

"Shemeji," akasema, "hamna ubwabwa hapo?"

Bibi hakurudi tena. Miaka ilipopita nilitunza sungura wa bwana shamba wa Kiingereza pale Kibiti, mtu wa sauti kubwa ambaye akiingia bandani alinong'ona. Kazi hiyo niliifanya mpaka macho yakachoka. Vijana huniuliza dawa ya kuzuia manyoya yasitoke. Hakuna. Yanatoka ili mengine yaote. Wewe mchane, mpe majani na maji mengi, mweke kivulini.

Sasa nimestaafu, naishi Chumbi, na nikiitafakari kazi yangu mabwana siwakumbuki sana. Naikumbuka asubuhi Pamba alipokufa kwa uzee. Nilishika jembe, kaka akanipokonya. Kwanza alimchana mgongo mzima, akamviringisha katika kipande cha kanga, akachimba mwenyewe. Wanawe hakupata kuwazika. Alipomaliza kufukia alikaa palepale, nami nikakaa naye, mpaka jua kali likatuondoa.