Kwenye Rundo la Ndizi

Mimi nina haraka. Nakubali. Zamani nilikuwa na haraka zaidi, hasa mwaka ule nilipopunguzwa kazi. Nilikuwa napima mafuta katika maabara ya kiwanda kimoja cha umma cha mafuta ya pamba. Akaja mwekezaji, akatutazama, akabakiza wachache, mimi simo. Nikahamia kwa shangazi yangu, mtaa wa Igogo huko Mwanza, na sanduku moja na bahasha ya kaki yenye vyeti. Baba akaandika kutoka Kagera: mwezi ukiisha bila kazi, panda meli urudi nyumbani. Jamani, sikutaka. Nyumbani nilipapenda, lakini hadubini ningeitoa wapi kule?

Siku hizo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilihitaji watu wa kupima. Nikavizungukia vyote. Getini naambiwa niache nakala, naacha, kimya. Vyeti vyangu vilienea Mwanza nzima, mwenyewe sijaitwa popote.

Basi nikaanza kuwavizia wakubwa. Nikimwona mtu ana tai, namfuata na salamu na bahasha kwa pamoja. Walinikimbia. Mzee mmoja wa benki aliniona nje ya kanisa baada ya misa, akarudi ndani kusali upya. Nilikasirika siku nzima. Leo nikikumbuka nacheka.

Jumamosi moja jirani yetu, naye mtu wa Kagera, alifanya sherehe ya kipaimara cha mtoto wake. Shangazi alikwenda asubuhi kusaidia jikoni. Mimi nikavaa koti langu la kazini, nikaenda kukaa sebuleni na wakubwa, soda mkononi, bahasha mapajani. Waliongea mpira, wakaongea vyama vingi, wakarudi kwenye mpira. Nilimaliza soda mbili hakuna aliyenigeukia. Mara shangazi akatokea mlangoni na kisu, akaniinamia sikioni.

"Umekalia kochi kama bibi harusi, na kazi iko uani. Inuka. Na hiyo bahasha iache ndani."

Nilitoka nimevimba kwa hasira. Uani kulikuwa na rundo la ndizi mbichi zilizoshuka na meli asubuhi ile, na akina mama wamelizunguka wanamenya. Wakanipa kisu na kopo la mafuta ya kupaka mikono, ili utomvu usigande. Nikakaa karibu na dada mmoja mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza anafanya kazi wapi. Akasema kiwanda cha samaki. Yeye ndiye mkuu wa maabara.

Moyo uliruka, na mdomo ukaruka nao. Nikamwambia nimesomea, nina uzoefu, nina vyeti, ngoja nikavilete sasa hivi. Akasema watu wanaotafuta ni wengi, akamgeukia mama wa upande wa pili. Shangazi, aliyekuwa mbele yangu, alinitupia jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka.

Nikamenya ndizi tano bila kusema neno. Ya sita nikauliza kitu nilichotaka kukijua kweli: ile barafu wanayoitumia kwenye samaki, nayo huwa inapimwa?

Dada akageuka mzima mzima. Akasema barafu ndiyo inayomkosesha usingizi. Samaki anafika mzuri, barafu inamharibu, na tangi la maji ya kugandisha barafu amelipima mara tatu haoni kitu. Nikauliza zaidi, akaeleza zaidi. Nikamsimulia jinsi sisi kwenye mafuta tulivyolaumu mbegu za pamba wiki nzima, kumbe chupa zetu za sampuli ndizo zilikuwa hazikaushwi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Nikamuuliza kama wamepima na bomba linalotoka kwenye lile tangi.

"Bomba hatujapima," akasema.

Tuliongea mpaka rundo likaisha, mafuta ya mikono tumeyasahau kabisa. Alipoinuka, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza vile vyeti viko wapi. Akaniambia niende navyo Jumatatu saa mbili kamili, mkurugenzi anasafiri saa tatu.

Jumatatu niliamka na mikono myeusi. Utomvu wa ndizi ukishakauka hauna adabu: nilisugua kwa limau, kwa majivu, kwa jiwe, wapi! Na kiwanda cha samaki kina sheria yake, kila anayeingia anakaguliwa mikono. Mlinzi alitazama vidole vyangu akarudi nyuma.

"Dada, kwa mikono hii huingii humu."

Nikaeleza habari za ndizi. Alikuwa mtu wa Mara, mtu wa ugali, hajawahi kusikia ndizi inayopaka watu rangi. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Nilianza kupandisha sauti, ndivyo nilivyo, kisha nikalikumbuka lile jicho la shangazi. Nikashusha pumzi, nikamuuliza taratibu: na mkuu wa maabara leo ulimkaguaje?

Akasema yule alifika amevaa glavu kabisa. Akavitazama tena vidole vyangu, kisha akaingia ndani.

Nilisimama pale getini nimebana bahasha kwapani, naona meli tu machoni. Dirisha la maabara likafunguka. Dada akatoa kichwa, akavua glavu moja, akaunyoosha mkono nje na vidole vyote vitano, vyeusi kama vyangu. Mlinzi, aliyekuwa amerudi, akautazama ule mkono, akatazama wa kwangu, akafungua geti.

Mwisho wa mwezi nilikwenda bandarini kweli. Shangazi alikuwa ameagiza ndizi, nikaenda kumpokelea.