Maua Yaliyochelewa Kung'olewa

Miaka yake ya kazi aliimalizia katika bustani ya hospitali, akipogoa vichaka na kumwagilia maua ambayo watu waliyapita bila kuyatupia jicho. Mikono yake ilijifunza jambo moja: mmea ukistawi, uache. Alipostaafu, majirani waliendelea kumwita Bwana Maua, wengine kwa heshima, wengine kwa utani.

Upande wa chini wa mtaa wao palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kilifungwa, wenyewe wakaenda zao, wakaacha bwawa lenye madini ya risasi, sumu isiyoonekana wala kunusika. Maji ya bwawa yalichuruzika hadi kwenye kijito, na kando ya kijito hicho dada yake mkubwa alikuwa na matuta ya mboga na vitunguu. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Maji yalipopimwa, dada alikatazwa kuyatumia. Mwenye kiwanja alichokodi dada akamwambia atamvumilia hadi mvua zianze. Kijito kisipofunguliwa tena kwa matumizi kufikia hapo, atawapa wenye malori wafanye maegesho.

Kwa hiyo Bwana Maua alipoombwa kulitunza bwawa, hakusita. Mtaalamu wa maji, binti wa rika la kitinda mimba wake, alilijaza magugu maji, kisha akamweleza.

"Mizizi yake inafyonza risasi na kuihifadhi ndani ya mmea. Sasa, mzee wangu, kazi yako si kuyakuza, ni kuyang'oa. Yakishakomaa tu, yatoe, uyapeleke kwenye shimo lile lenye kifuniko. Mbuzi wasiyale, watu wasiyachome. Na yakiozea humu, yanairudisha sumu majini."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nimelima kabla hujazaliwa."

"Hapo ndipo ninapoogopa," binti alicheka. "Nyie watu wa bustani mna huruma na majani."

Mwanzoni hakuwa na huruma. Alivaa gambuti na glavu, akayavuta magugu kwa reki ndefu, akajaza toroli na kulisukuma hadi shimoni. Kila yalipotolewa, machanga yalijaza nafasi. Kipimo cha kwanza kikashuka, cha pili kikashuka zaidi. Binti akasema bado kipimo kimoja tu kizuri, na kijito kitafunguliwa. Dada akaanza kunoa jembe.

Ndipo magugu yakachanua. Bwawa zima liligeuka zambarau, kutoka ukingo hadi ukingo. Watoto walisimama kutazama wakitoka shule. Maharusi walikuja na mpiga picha. Mama mmoja aliyevaa viatu virefu alimshika mkono akamwambia hajawahi kuona bustani nzuri kama hii. Bwana Maua alisimama na reki yake, kifua mbele, kama baba wa bibi harusi.

Dada yake alikuja kumwona akiwa ameketi ukingoni.

"Hivi hujang'oa?"

"Wiki ijayo, dada. Yaache yapumue kidogo. Watu wanakuja kuyaona."

"Waje kuona nini? Mimi nimekaa na mbegu ndani, wewe unapiga picha na maharusi!"

"Ni maua tu, hayana neno."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, mdogo wangu. Na utalia na mimi."

Alicheka, na dada naye akacheka, maana tangu utotoni hawakujua kugombana muda mrefu. Wiki iliyofuata ikawa na maharusi wengine. Kisha kukawa na jua kali, maua yakanyauka yote kwa pamoja, majani yakawa kahawia, yakalegea na kuzama. Hapo alikurupuka. Alivuta usiku na mchana, lakini reki ilipenya kama inachota uji. Mengi yalikuwa yameshaozea chini.

Binti alipopima, hakuinua uso haraka.

"Mzee wangu, uliyang'oa kwa wakati?"

"Nilichelewa kidogo."

"Kidogo?"

"Nilichelewa," alisema.

Binti hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimwambia tu waanze upya, na kwamba hakuna kipimo kingine kitakachowahi kabla ya mvua.

Mvua zilianza, na mwenye kiwanja akatimiza neno lake. Bwana Maua alienda kumsaidia dada kufunga mizigo. Dada alikuwa anahamia kwa mwanawe, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata chungu cha maua kingekosa pa kuwekwa. Alitamani dada amtukane. Dada alimwelekeza tu ashike upande wa pili wa kabati.

"Inua kwa magoti, siyo kwa mgongo. Umezeeka."

"Dada, nisamehe."

"Shika kabati."

Siku hizi hayaachi magugu hata yatoe matumba ya maua. Wapita njia humlaumu: mzee gani huyu anayeng'oa vitu vizuri? Huendelea kuvuta. Msimu uliofuata maji yalipimwa, yakapimwa tena, na kijito kikafunguliwa. Palipokuwa na matuta ya vitunguu, malori yalikuwa yameegeshwa juu ya kokoto, mafuta yakidondoka.

Jioni hiyo alimpigia dada yake simu.

"Maji yamekuwa safi, dada. Wamefungua kijito."

Upande wa pili sauti za wajukuu zilisikika kwa mbali.

"Vizuri," dada alisema. "Umekula?"