Ujumbe wa Mjomba

Siku yangu ya kwanza kazini, maktaba ya skuli ya uuguzi, Mkuu wa Maktaba alinikabidhi funguo pamoja na darasa zima la wasichana wa uuguzi. Nikamwambia, "Bibi, mie hata kufunga bendeji sijui." Akanijibu, "Bendeji watafunzwa na wenyewe. Wewe wafunze kutafuta, na wasiamini kila wanachokiona."

Basi ndiyo kazi niliyoifanya mpaka kustaafu. Niliwafunza kulipanga swali kabla ya kutafuta: mgonjwa ni nani, afanyiwe nini, tunataka apate nini. Niliwafunza kutumia kanzidata, yaani ghala la makala za utafiti ndani ya kompyuta, na kutazama nani kaandika, lini, na kapima wagonjwa gani. Nilikuwa mkali, sifichi. Baadaye nikahamishiwa skuli kubwa zaidi, mtaa wa Al Khuwair, na Mkurugenzi wa Mafunzo wa huko akanambia, "Wanakuogopa." Nikaona kanisifu.

Sasa nnakaa nyumbani, mtaa wa Darsait, na simu yangu. Ukoo wetu una grupu, na mkubwa wetu ni Mjomba. Sisi tuliozaliwa huku ugenini, tukalelewa na wazee waliotoka Unguja, hatumuulizi Mjomba kitu kakipata wapi. Tunashukuru, tunawapelekea wengine. Mwaka huu katuma sauti ya mtu anayejiita daktari: wenye presha waache vidonge, wanywe habasoda na siki. Nilisikiliza nusu. Nikashukuru, nikampelekea dada yangu Zuwena, ambaye presha anayo tangu ujanani.

Haukupita muda Zuwena akaanguka jikoni, upande mmoja ukalegea. Tulipomfikisha hospitali, muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Mwalimu, dawa zake kaacha. Nani kamwambia?"

"Watu tu," nikasema. "Si unajua mambo ya simu."

Wallahi niliona haya hata kumtazama usoni, na bado nikamficha.

Siku ya pili Zuwena akaweza kusema, kwa tabu, mdomo umekwenda upande. Wala hakunilaumu. "Mjomba alinitumia na mie ule ujumbe, sikuufungua. Nilipouona umetoka kwako ndipo nikaacha vidonge. Nikasema, huyu keshahakikisha, kazi yake hiyo."

Muuguzi alikuwa pale pale, anabadilisha dripu. Alisikia yote, akainama akaendelea na kazi yake.

Zuwena sasa anatembea kwa kushikwa. Mjomba hajaambiwa. Nyinyi mnaoanza kazi hii, kanzidata wafunzeni, lakini wafunzeni pia namna ya kumuuliza mkubwa wa nyumba bila ya kumvunjia heshima. Mie sikuwafunza hilo hata siku moja, na aibu yangu ni kuwa mpaka leo silijui.