Nyuki wa Ilungu la Babu

Nilikuwa mchoraji wa wadudu. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka, lakini wakati wa Mwingereza kazi hiyo ilinilisha pale Sumbawanga karibu miaka miwili. Aliyeniajiri alikuwa mzee wa Kizungu aliyefiwa na mkewe, mtaalamu wa nyuki, amepanga nyumba ya bati nyuma ya maduka. Yeye alitazama kwa darubini na kuandika, mimi nikachora mabawa, miguu na vipapasio.

Nyuki aliyetuvurugia maisha nilimwona mimi kwanza. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, nami nilikuwa nimekwenda kuwasalimu wazazi wangu upande wa Kaengesa. Nikakaa kupumzika kando ya ilungu la babu. Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma, la udongo, refu kuliko watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. La kwetu lilikuwa halijawashwa tangu baba yangu akiwa kijana. Ukutani mlikuwa na matundu membamba, na nyuki weusi, wafupi kuliko punje ya mchele, walikuwa wakiingia na kutoka, matumbo yamejaa chavua ya njano. Nikakamata saba.

Mzee aliwatazama tangu asubuhi mpaka chai ikapoa kikombeni.

"Huyu hayumo katika kitabu chochote," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anaogopa kusikiwa. "Lakini wote saba ni majike. Lazima nimpate dume, ndipo niweze kusema kwa hakika kwamba ni nyuki wa aina yake."

Nilirudi mara tatu. Nyuki walikuwa wamekwisha kuziba matundu yao kwa udongo na kutoweka, kama wafanyavyo kiangazi kikikaribia.

Kisha mama akaugua. Niliomba ruhusa nikakaa naye siku tano. Kabla ya kuondoka nilitakiwa kuongeza mafuta ya taa katika makopo manne ambamo miguu ya meza ya visanduku vya wadudu ilisimama, ili sisimizi wasipande. Ilikuwa kazi yangu ya kila wiki. Sikuongeza. Nilikuwa na haraka, nikasema moyoni kwamba mafuta yaliyomo yatatosha.

Niliporudi nilimkuta mzee amekaa kitini, kisanduku kimefunguliwa mapajani. Pini saba za wale nyuki zilikuwa zimesimama wima. Katika sita hapakuwa na kitu, na katika ya saba palikuwa na kifua bila kichwa. Sisimizi wachache walikuwa bado wanatembea kwenye karatasi.

Ningefurahi angenitukana. Alifunga kisanduku taratibu, akasema, "Nimebakiza wiki nne. Moyo wangu ni mgonjwa, daktari ameniamuru niende kwetu. Sitarudi huku tena."

"Nitawapata wengine, Bwana."

"Wapi? Maua yamekwisha."

Nilijua watoto wa nyuki wale wamelala ndani ya ukuta wa ilungu. Kesho yake alfajiri nikaondoka kwa miguu, upepo wa kipupwe ukinikata masikio.

Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe uani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, kisha nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Unataka kutoboa ilungu la baba yangu kwa sababu ya wadudu?"

"Matundu machache tu, baba. Kwa kisu."

"Mimi nililala pale siku nyingi, nikichochea moto pamoja naye. Udongo ule tuliukanda sisi." Mama akakohoa ndani, naye akatazama mlangoni. "Matundu machache," akasema. "Usizidishe."

Nilizidisha. Udongo wa ukuta ule ulikuwa umeungua ukawa mgumu kama tofali. Kila tundu nililochimba, kisu kiliteleza na kumponda mtoto wa nyuki aliyekuwa ndani. Vidole vilinata maji yao meupe. Siku ya kwanza niliua kumi na mmoja, ya pili sikumbuki idadi. Siku ya tatu mikono ilikuwa imepasuka, nami nilikuwa nikisema peke yangu, nikimwomba Mungu, nikimlaumu mama kwa kuugua, jambo ambalo hata leo naona haya kulikiri. Nikaona kwamba kipande kikubwa cha ukuta kikitoka kizima, watoto waliomo ndani watapona. Nikaenda nyumbani baba akiwa shambani, nikachukua shoka.

Nilipiga chini, pale palipokuwa na ufa. Pigo la nne au la tano, ilungu lote likaguna. Niliruka kando. Liliinama polepole upande wa bondeni, likaanguka, na vumbi jekundu likafunika nyasi.

Baba alisikia kishindo, akaja mbio. Alisimama, jembe begani, akatazama. Nilikuwa tayari kupigwa. Aliniuliza swali moja tu.

"Umewapata?"

"Bado, baba."

Akageuka akarudi shambani.

Nilipekua kifusi mpaka jua likazama. Nikapata vipande vinne vyenye matundu yaliyozibwa, nikavifunga kwa kanga ya mama, nikavibeba hadi mjini. Mzee aliviweka katika chupa pana, akafunika kitambaa, tukaiacha karibu na jiko ili joto liwadanganye kwamba masika yamefika. Tukasubiri. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili kipande kimoja kikaota ukungu. Mzee alianza kufunga vitabu vyake, nami nikawa siwezi kula. Kila nilipoitazama chupa ile niliona kifusi, na baba amenipa mgongo.

Zilipobaki siku nne lori lije kumchukua, nilikuta nyuki wawili wanatembea kwenye kioo cha chupa, kwa ndani. Mzee alimwinua mmoja kwa kibano, akaangalia ncha ya tumbo. Akaniangalia mimi.

"Dume," akasema.

Yule wa pili alikuwa jike. Tuliwaua wote wawili kwa dawa. Nilichora siku nne mfululizo, naye akaandika: rangi, vinyweleo, mishipa ya bawa, urefu wa kila pingili ya kipapasio. Hakutoka nyuki mwingine. Vipande vilivyobaki tulivivunja, tukakuta watoto wa nyuki waliokauka.

Mwaka uliofuata kijitabu kilikuja kwa posta. Nyuki alikuwa amepewa jina la Kilatini, na michoro yangu ilikuwamo. Nikakipeleka nyumbani. Mama alikuwa amekwisha kutuacha. Baba, ambaye tangu siku ile alinijibu salamu tu, akanitaka nimsomee. Nikamtafsiria kwa Kifipa, neno kwa neno, mweusi, mwenye uso wa vinyweleo vyeupe, mwenye tumbo la kubebea chavua.

"Na anakaa wapi? Wameandika?"

Nikatafuta mstari. Ulikuwa mfupi, wala ilungu halikutajwa. "Wameandika, katika ukuta wa udongo."

"Udongo tu?"

"Udongo tu, baba."

Alichukua kile kijitabu, akakitazama upande wenye michoro, akanirudishia. Kisha akasema ng'ombe hawajanyweshwa, akaondoka. Nilibaki nimekaa pale na kijitabu mkononi. Kwa miaka mingi baadaye, mvua zikianza, nilizunguka kwenye kila ilungu nililosikia bado limesimama, nikatazama matundu. Niliona mavu na nyuki wa namna nyingine. Yule sijamwona tena.