Kitanda Kilichovuka Hodge Hill

Juzi nilikuwa nafunga kitanda cha mwanangu. Skrubu ilipoanza kulia ndani ya mbao, ule mlio mkavu unaotia meno ganzi, nikamwona tena Baba wa zamani zile, amepiga magoti kwenye kapeti ya watu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Hodge Hill, hapa Birmingham, katika nyumba iliyonuka unyevu na samaki wakavu tuliozoea kuwala kwetu Kongo. Baba alifanya kazi Tyseley, akichambua takataka kwenye mkanda unaotembea, shifti ya usiku. Kila asubuhi alirudi macho mekundu. Jumamosi moja hakuvua hata viatu. Aliketi kwenye ngazi akasema kanisani kuna mjane mgeni, Mama Neema, na watoto wake watatu. Wamepewa nyumba isiyo na kitu ndani.

"Bale batoto banalala chini," alisema. "Tutabapelekea kitanda."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kitanda cha nani.

"Chako. Utalala na yaya yako."

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na tabia ya kupiga mateke usingizini. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Mama alitandua shuka langu huku akirudia msemo wake, kwamba kutoa ni moyo, si utajiri.

"Na mgongo pia," Baba akasema.

Gari hatukuwa nalo. Baba na Mama walibeba mbao, Yaya akajitwika godoro lililofungwa nailoni, mimi nikapewa mfuko wa skrubu. Manyunyu yalikuwa yanatuingia shingoni. Kila tulipofika kituo cha basi Baba aliketi kidogo, na waliokuwa wakisubiri walitutazama kwa wasiwasi, wakidhani tungepanda basi na kitanda.

Chumba cha Mama Neema hakikuwa na pazia. Watoto walisimama ukutani kama waliokuja kupigwa picha. Baba akapiga magoti, akaunganisha ubao mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza akaketi juu yake kujaribu kama kinacheza.

"Kiko imara," alisema. Akaegemea ukuta, akalala.

Mama aliona haya. Alinyoosha mkono amwamshe, Mama Neema akaudaka.

"Mumuache, dada. Huyu anachoka."

Mama Neema alimvua viatu polepole, akamlaza vizuri, akamfunika blanketi ambalo nadhani ndilo pekee lililokuwa mle ndani. Mtoto wake mkubwa akanitazama, akaweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze. Tukakaa chini sote, tukipokezana vikombe viwili vya chai ya rangi, kimya, mpaka mchana ukapita. Nilikuwa nimevimba kwa hasira. Kitanda changu kimeondoka, na hata hao watoto hawajakilalia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wakarimu wana nguvu za ziada, kwamba hutoa kwa furaha kama tulivyofundishwa shule ya Jumapili. Sasa na mimi narudi kutoka kazini miguu imevimba, simu inaita, kuna mtu wa kanisani amekwama, nami najivuta kwenda. Najua Baba hakuwa na nguvu wala furaha siku ile. Alikuwa na kitanda cha kupeleka tu, akakipeleka.

Jingine lilichelewa zaidi kuniingia. Nyumbani Baba hakuwahi kulala mchana akashiba usingizi. Watu walibisha hodi, sisi tulipiga kelele, Mama alimwita kuja kutazama bomba. Tangu tufike nchi hii, watu wa kwanza kumlindia usingizi walikuwa wale ambao asubuhi ileile hawakuwa na kitanda.