Ng'ombe Wachache, Kura Tatu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya uandikishaji lilikuwa kuandika neno nililoambiwa. Mjomba alisema ng'ombe wake ni wachache, nami nikaandika "wachache".

Nilikuwa na wiki moja tu barazani pa boma la serikali ya Mwingereza, Dodoma, nikijaza fomu za wanaotaka kupiga kura. Sikufika darasa la nane. Kuandika nilijifunza mwenyewe kwa kunakili barua za zamani, na kwa hofu ya kugunduliwa nilikuwa narudia fomu nzima kwa sababu ya tone moja la wino. Masharti niliyajua yote: darasa la nane, au kipato kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Mimi sikuwa na hata kimoja. Kutwa nzima nilijaza daftari ambalo mwenyewe nisingeandikwa humo.

Mjomba alikuja kwa miguu kutoka Makutupora.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umekonda. Wino huo unakunywa damu?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikamuuliza habari ya mifugo, maana kwa mifugo ndiyo angetimiza sharti la kipato.

"Wachache tu."

"Wangapi, mjomba?"

"Nimesema wachache."

Kwetu Wagogo mtu hataji idadi ya ng'ombe wake mbele za watu, na sehemu kubwa ya kundi la mjomba ilikuwa imewekwa kwa jamaa huku na huku. Nilijua. Nimekua nikiwachunga ng'ombe haohao. Lakini fomu ilitaka jibu liandikwe kama lilivyotolewa, nami nilitaka fomu safi. Akabonyeza kidole gumba, akaondoka ameridhika.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Nilimsomea mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa hajui kusoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo mimi ni fukara."

"Ni mimi, mjomba. Niliandika ulivyosema."

"Nilikuwa nasema na wewe au na karatasi?"

Zilikuwa zimebaki siku mbili za kukata rufaa, nikaenda kuomba ushahidi kwa Mhindi mwenye duka anayenunua ngozi za mjomba tangu sijazaliwa. Siku mjomba alipojiandikisha, naye alikuwa kwenye foleni, nyuma yake kabisa.

"Nilisikia," alisema. "Ng'ombe wake wakivuka barabara, mteja wangu anasubiri ng'ambo mpaka anasahau alichokuja kununua. Wewe unaandika wachache."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nitaje ng'ombe wa mtu mbele ya watu? Mimi si mgeni hapa, kijana."

Akachukua karatasi, akaanza kuandika ushahidi. Huku akiandika alisema kwamba wachache wa kweli ni wao Wahindi. Jimbo linafika Singida na Kondoa, na Wahindi ni maduka machache kando ya reli. Kiti chao kipo, lakini kila mpiga kura lazima achague watu watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu.

"Kwa hiyo mtu wangu atachaguliwa na ninyi. Na ninyi mlio wengi mna kiti kimoja kama sisi, na kwenye daftari mmejaa makarani na walimu. Mjomba wako ananijua. Nilitaka yeye ndiye anichagulie."

Barua ilikuwa nzuri. Nikaona mwandiko wake una makosa mawili, nikainakili upya usiku kucha ili isionekane ovyo, kisha asubuhi nikampelekea atie sahihi. Alikuwa ameondoka kwa gari moshi kwenda Tabora, msibani. Ile yenye makosa, yenye sahihi yake, nilikuwa nimeichana.

Bwana Shauri, afisa Mzungu aliyesimamia daftari, aliitazama nakala yangu, akasema haina sahihi, na daftari linafungwa saa sita. Alisema bila ukali. Nilimwambia mjomba yote, hata la kuichana. Aliuliza kama nimekula, akashika njia ya Makutupora.

Siku hizi masharti yamelegezwa. Anayejua kusoma Kiswahili anaandikishwa, nami nimo daftarini. Kipato kinachotakiwa kimepunguzwa pia, na nimemtumia mjomba salamu mara tatu aje. Hajaja. Kazini sirudii tena fomu kwa sababu ya tone la wino.